Pini Iliyokwama: Kutu na Mtanuko katika Gari la Zamani

Mwaka 1971 gari aina ya Datsun 240Z, lililoundwa Japani, lilishinda mashindano ya East African Safari likiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller. Mwaka 1973 lilishinda tena, safari hiyo likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Magari ya aina hiyo yaliyosalia, hasa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, hutunzwa na wapenzi wa magari ya kale. Mafundi wao wanaifahamu vyema, tena kwa uchungu, pini moja ya chuma iliyo karibu na kila gurudumu la nyuma.

Pini hiyo hulala ndani ya tundu lililo kwenye kitako cha nguzo inayobeba springi na shokomzoba. Ncha zake mbili hushikwa na bushi za mpira zilizomo katika mkono wa chini, ule unaoliwezesha gurudumu kupanda na kushuka. Katikati hufungwa kwa kabari ndogo isipate kuzunguka. Bushi zikichakaa, hapana budi pini itolewe. Na mara nyingi haitoki.

Kati ya pini na ukuta wa tundu mna upenyo mwembamba mno. Maji huingia humo, na katika nchi za baridi huwa na chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa urahisi, na kutu, kama wanafunzi wa kemia wajuavyo, huendeshwa na mwendo wa elektroni. Mdomoni mwa tundu oksijeni ni nyingi, ndani ni haba. Ajabu ni kwamba chuma huliwa zaidi kule ndani, kwa kuwa sehemu yenye oksijeni haba ndiyo huwa anodi. Kutu inayotokea huchukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma kilicholiwa. Kwa vile haina pa kwenda, huibana pini pande zote.

Wengi hukimbilia nyundo. Kila pigo huiponda ncha ya pini na kuipanua, hata pini iliyokwama kwa kutu ikakwama pia kwa unene wake yenyewe. Wengine husahau kuitoa kwanza ile kabari, wakashindana na chuma bure. Mafuta mepesi ya kupenya yana faida, maadamu yanapewa siku kadhaa za kujipenyeza.

Msaada mkubwa zaidi hutoka kwenye joto. Mwanafunzi akiulizwa iwapo tundu katika chuma kinachopashwa moto hupungua au huongezeka, mara nyingi hujibu kwamba hupungua. Sivyo: tundu hutanuka kana kwamba lingekuwa limejaa chuma kile kile. Tuseme kipenyo ni milimita 16. Chuma hutanuka kwa takriban sehemu 12 katika milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Joto likiongezeka kwa digrii 300, tundu hukua kwa milimita 0.058, karibu unene wa unywele. Unywele huo unatosha, iwapo pini yenyewe haijapata moto. Hivyo kitako hupashwa kwa haraka, na pini huvutwa papo hapo kwa nati inayokazwa dhidi ya kipande cha bomba. Hata pini nayo ikipata joto, kupanda na kushuka kwa joto huivunjavunja kutu.

Kazi hii si ya mzaha. Shokomzoba lina mafuta yaliyofungiwa, na likipashwa moto laweza kupasuka. Mpira uunguao hutoa moshi wenye sumu. Na tangi la petroli liko nyuma ya gari. Nguzo iondolewe garini kwanza, na lile shokomzoba litolewe ndani yake. Ikiwa mkono wa chini hauachii, pini hukatwa kwa msumeno pande zote mbili za kitako, kisha kipande kilichobaki husukumwa kwa mashine ya kushindilia. Pini hupotea, lakini kitako, ambacho ni kigumu zaidi kukipata, husalimika. Tundu husafishwa hadi chuma king'ae, na pini mpya huingizwa ikiwa imepakwa grisi.