Mkono Uegemee Wapi?

Kwa karibu miaka miwili kiwiko changu cha kulia kilikuwa kikilala juu ya kanga iliyokunjwa mara nane. Kazi yangu ni kupanga kurasa za vitabu: kubofya, kuburuta, kubofya tena, kutwa nzima. Kibodi naigusa kwa nadra, lakini kipanya hakitoki mkononi. Nasema kipanya kwa sababu ndivyo kamusi zinavyotaka. Wewe ukifika dukani Kariakoo sema mausi, la sivyo utaoneshwa mtego.

Maumivu hayakuanzia kwenye vidole wala kwenye kifundo cha mkono kama nilivyotegemea. Yalianzia juu, kati ya bega na shingo, pale unapokaa mkanda wa begi. Ikifika saa tisa alasiri nilikuwa nimelaza kichwa upande mmoja kama mtu anayeongea na simu aliyoibana begani, na simu yenyewe haipo.

Sababu ni ya kawaida mno. Mkono wa mtu mzima, kuanzia begani hadi kwenye vidole, ni karibu asilimia tano ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 70 anabeba kama kilo tatu na nusu kila upande. Mkono ukiwa umening'inia hausumbui, ila ukiunyoosha mbele kushika kipanya bila kuuegemeza popote, msuli wa bega na shingo ndio unaoubeba, saa baada ya saa. Jaribu kushika mfuko wa unga wa kilo mbili mbele yako kwa dakika tano, utanielewa.

Nilichonunua kwanza ndicho wanachonunua wengi: kile kitambaa cha kipanya chenye kinundu cha jeli upande wa mbele. Nililipa shilingi 12,000, na katika vyote nilivyojaribu hiki ndicho ninachokijutia. Geuza kiganja chako juu utazame pale kinapokutana na mkono. Chini ya ngozi hiyo kuna njia nyembamba ambamo kano tisa za vidole na mshipa mmoja wa fahamu hupita kwa kubanana kama abiria wa daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Kinundu cha jeli kinakandamiza hapohapo. Tena, kifundo kikishatulia juu ya jeli, mkono mzima hausogei. Kinachozunguka ni kiganja peke yake, kulia kushoto, kulia kushoto, kama mkia wa mbwa. Bega nalo linabaki na mzigo wake uleule, maana kiwiko bado kiko hewani. Kama umeshakinunua, usikitupe. Weka juu yake kitako cha kiganja, ile nyama ya chini ya kidole gumba, na uweke tu wakati umepumzika, si wakati unasogeza kipanya.

Kinachotakiwa kuegemezwa ni kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kifundo, na hasa ile nusu yenye nyama iliyo karibu na kiwiko. Hili si wazo langu. Mwaka 2006 David Rempel wa Chuo Kikuu cha California na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa mwaka mzima wafanyakazi 182 wa kupokea simu za wateja. Wote walifundishwa namna ya kukaa. Baadhi waliongezewa kibao kipana cha kuegemeza vigasha, wengine wakapewa kipanya cha gololi, ile aina ambayo mpira huviringishwa kwa vidole na kipanya chenyewe hakisogei, na wengine wakapewa vyote viwili. Waliopata nafuu ya shingo, mabega na mkono wa kulia ni wale wa kibao. Watafiti wakapiga na hesabu ya fedha, wakakadiria kwamba mwajiri angerudisha gharama ya kibao ndani ya miezi 10.6.

Hadi hapo nilikuwa nimeshatumia elfu kumi na mbili bure, kwa hiyo nikaanza na yasiyo na gharama. Meza nyingi za kwetu, za seremala na za dukani, zina kimo cha sentimita 75 hivi. Kwa mtu mfupi kama mimi hiyo ni meza ya kuning'inizia mabega. Nikapandisha kiti hadi kiwiko kikawa sawa na uso wa meza. Miguu ikabaki hewani. Chini yake nikaweka rimu mbili za karatasi za A4, sentimita kumi kamili, na hazijatoka mpaka leo. Kisha nikasukuma skrini na kibodi nyuma kiasi cha shibiri moja, nikapata uwanja wa kulaza kigasha juu ya meza yenyewe. Mwenye meza yenye kina cha kutosha, sentimita 70 kwenda juu, huenda asihitaji kununua kitu kingine.

Lipo jambo jingine linalosahaulika. Kibodi ndefu yenye tarakimu upande wa kulia inasukuma kipanya mbali na mwili, na mkono unalazimika kutanuka nje kama bawa. Asiye mhasibu atafute kibodi fupi isiyo na safu hiyo. Au ahamishie kipanya mkono wa kushoto; wiki ya kwanza ni ya aibu, ya pili unazoea.

Tatizo la kulaza mkono mezani ni ukingo. Meza za mbao za kubandika huwa na ukingo mkali wa pembe, na kufikia adhuhuri unakuwa na mstari mwekundu kwenye kigasha kama uliofungwa kamba. Dawa yake niliipata kwa fundi wa viyoyozi. Ule mpira mweusi laini wanaovisha mabomba ya shaba ya AC huuzwa kwa urefu. Nilinunua kipande kwa shilingi 3,000, nikakipasua upande mmoja kwa wembe na kukivisha ukingoni mwa meza. Ukingo wote ukawa mviringo na laini. Una sura mbaya, sikatai, na unaacha unga mweusi kidogo ukizeeka. Lakini katika vyote nilivyolipia, hakuna shilingi iliyofanya kazi kuliko hizo elfu tatu.

Meza yangu ya nyumbani ilikuwa kesi nyingine. Ni nyembamba, ina kina cha sentimita 45 tu, na skrini ikishakaa hakuna pa kuweka mkono. Hapo nikaenda kwa maseremala wa Keko. Nilimkuta fundi mmoja anapiga randa mguu wa kitanda. Nikamchorea nilichotaka nyuma ya risiti: ubao wa plaiwudi ya milimita 18, urefu sentimita 80, upana 30, na upande wa tumboni ukatwe nusu mwezi ili mtu aingie ndani yake na viwiko vibaki vimelala pande zote mbili. Aliuliza kama ni meza ya kulishia mtoto. Nilipomweleza, alijifanya amekaa kwenye kigoda, akanyoosha mikono mbele, akasema nusu mwezi yangu ni ndogo, tumbo la mtu halikai mahali pamoja siku nzima. Akaongeza sentimita tatu kila upande, na alikuwa sahihi. Fundi wa viti vya magari, mlango wa pili, akavisha sponji ya nusu inchi na ngozi ya bandia. Ubao umefungwa mezani kwa klampu mbili za seremala. Mbao na ufundi shilingi 25,000, sponji na kuvisha 10,000, klampu 14,000. Jumla 49,000, na mikono yote miwili imepata pa kulala. Nilipata faraja kukumbuka kwamba kipanya cha kwanza kabisa, kile alichokibuni Douglas Engelbart na kuundwa na Bill English mwaka 1964, kilikuwa kisanduku cha mbao. Seremala si mgeni katika mambo haya.

Ukienda kutengenezesha, angalia mambo mawili. Uso wa ubao uwe sawa na uso wa meza au uzidi kwa unene wa sponji tu. Ukizidi sentimita tatu mabega yanapanda na umerudi ulikotoka. Na sponji iwe ngumu. Sponji ya mto wa kochi inadidimia mpaka kiwiko kinagusa mbao.

Sasa nije kwenye kile kinachouzwa hasa kwa jina la kiegemeo cha mkono: kikono chenye viungo viwili au vitatu, kinachobanwa ukingoni mwa meza kwa klampu, na mwisho wake kina kitako kidogo cha sponji au kibakuli cha kulaza kigasha. Kinazunguka pamoja na mkono. Wafini wamekitengeneza kwa miaka mingi kwa jina la Ergorest, na hicho ni kitu cha maana, ila bei yake ni ya ofisi zenye bajeti. Vinavyofika kwetu kwa wingi ni vya Kichina visivyo na jina. Nilinunua kimoja mtandaoni kwa 85,000 pamoja na kuletewa.

Wiki tatu za kwanza nilikisifia kwa kila mtu. Kinafuata mkono vizuri, na kwa mwenye meza finyu ni suluhisho safi kuliko ubao, maana kinakunjwa pembeni. Baadaye skrubu ya kiungo ikaanza kulegea, kikawa kinashuka taratibu chenyewe kama mkono wa mtu aliyesinzia. Nikawa naikaza kila Jumatatu. Kubwa zaidi ni meza. Kigasha kinachoegemea kikono kilichochomoza nje ni nyenzo: uzito mdogo mbele, nguvu kubwa pale klampu ilipobana. Meza ya mninga haitajali. Meza yangu ya mbao za kubandika ilianza kuvimba na kumeguka ukingoni, na mpaka leo ina kovu. Meza ya kioo usiijaribu kabisa. Kabla hujalipa, pima unene wa meza, ulinganishe na mdomo wa klampu katika maelezo ya muuzaji. Na chungulia chini ya meza kama hakuna droo au fremu ya chuma inayozuia.

Mikono ya kiti nayo ni viegemeo, na watu huisahau. Shida ni kwamba mikono mingi haipandi wala haishuki. Ile ya kiti cha plastiki inagonga meza, unalazimika kukaa mbali na kunyoosha mkono, ambayo ni hasara juu ya hasara. Kiti cha ofisi cha mtumba chenye mikono ya kupandisha na kushusha nilitajiwa 180,000, nikaambiwa mwisho 150,000. Kama unahitaji kiti kwa vyovyote vile, ongeza fedha upate mikono inayorekebishika. Kama kiti ulicho nacho ni kizima, usinunue kingine kwa ajili ya mikono tu.

Vipo pia vipanya vya kusimama, unavyovishika kana kwamba unampa mtu mkono. Havibebi mkono, vinaugeuza tu ili kigasha kisijipinde. MX Vertical ya Logitech ilitoka mwaka 2018 kwa bei ya dola 99.99, na Lift yao, ndogo zaidi na yenye toleo la mkono wa kushoto, ikatoka 2022 kwa dola 69.99. Hizo zilikuwa bei za Marekani, bila nauli wala kodi za kwetu. Visivyo na jina nilitajiwa kuanzia 45,000. Kwa mwenye maumivu ya kifundo, fedha hiyo ina maana. Kwa mwenye maumivu ya bega kama langu ni fedha ya pili, baada ya kigasha kupata pa kulala. Na ukubwa wa kiganja ni muhimu: kipanya cha kusimama kilicho kikubwa kuliko mkono wako kitakuchosha kuliko cha kawaida, kwa hiyo usinunue kabla ya kukishika.

Neno kwa walioajiriwa. Kenya, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri, katika kifungu cha 76, arekebishe mahali pa kazi na vifaa viendane na mfanyakazi. Tanzania tuna sheria yetu ya mwaka 2003 na wakala wa OSHA wa kuisimamia. Kabla hujaenda Keko na fedha ya mfukoni, andika barua fupi kwa ofisi ya utumishi, na ile hesabu ya miezi 10.6 uiweke kwenye aya ya kwanza.

Kwa mfuko wangu mimi mpangilio ni huu. Mwenye shilingi 3,000 apandishe kiti, asukume kibodi nyuma na anunue mpira wa bomba la AC. Mwenye meza finyu na elfu hamsini aende kwa seremala. Kikono cha klampu ni cha mwenye meza nene ya mbao halisi na uvumilivu wa bisibisi. Kitambaa cha jeli kiache dukani. Na kama kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi usiku mpaka unaamka kuvikung'uta, usinunue chochote kati ya hivi kwanza, nenda hospitali.

Kikono changu cha 85,000 kiko kwenye droo, skrubu zake zote zimo. Mwenye meza ya mninga aje akichukue.