Ukuaji na Maendeleo ya Shirika la Ndege la Taifa: Mfano wa Air Tanzania

1.0 Utangulizi

Katika mijadala kuhusu usafiri wa anga, maneno ukuaji na maendeleo aghalabu hutumiwa kana kwamba yana maana moja. Katika makala hii, ukuaji ni ongezeko la vitu vinavyohesabika, yaani ndege, vituo na abiria. Maendeleo ni uwezo wa shirika kuzitunza ndege hizo, kulipa gharama zake na kuendelea kutoa huduma bila kuokolewa na hazina kila linapoyumba. Kwa kutumia tofauti hiyo, makala inafafanua historia ya Air Tanzania. Suala hili lina uzito kwa sababu ndege zinaponunuliwa kwa fedha za umma, hasara yake pia hubebwa na umma.

2.0 Kutoka Shirika la Pamoja hadi Shirika la Taifa

Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilianza kazi mwaka 1946 na kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Makao yake makuu na karakana zake kuu zilikuwa Nairobi. Lilipovunjika mwanzoni mwa 1977, mwaka ambao Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilisambaratika, Tanzania ilipoteza ndege na pia ikatengwa na karakana iliyozihudumia. Shirika la Ndege la Tanzania (ATC) lililoundwa Machi 1977 lilirithi abiria na njia, lakini halikurithi msingi wa kiufundi.

Muda mfupi baadaye ATC lilipata ndege za Boeing 737-200, na twiga akawa nembo yake. Hata hivyo, vita vya Kagera vya 1978–1979 na uhaba wa fedha za kigeni uliofuata viliweka wazi udhaifu wa kimuundo. Vipuri na bima hulipiwa kwa fedha za kigeni, ilhali tiketi za safari za ndani huuzwa kwa shilingi. Kwa hiyo shirika linaweza kujaza viti vyote na bado likakosa dola za kununulia kipuri kimoja kinachoizuia ndege kuruka.

3.0 Ubia na Mipaka Yake

Katika miaka ya 1990, sera ya ubinafsishaji ilileta hoja kwamba mbia wa nje angetoa mtaji na utaalamu. Mwaka 1996 Kenya Airways ilimpata mbia, KLM, aliyenunua asilimia 26 ya hisa. Tanzania ilifuata njia hiyo mwishoni mwa 2002, ambapo South African Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa za Kampuni ya Ndege Tanzania (ATCL) kwa dola milioni 20. Ubia huo ulivunjika mwaka 2006, na Serikali ikazirejesha hisa hizo kwa dola milioni 1.

Tofauti ya bei hizo mbili inaonesha jinsi thamani ya kampuni ilivyoporomoka. Mnamo Desemba 2008, Mamlaka ya Usafiri wa Anga iliisimamishia ATCL cheti cha uendeshaji kwa majuma kadhaa kwa sababu za usalama. Kufikia mwaka 2016 kampuni ilikuwa ikitegemea ndege moja ya Dash 8.

4.0 Ufufuaji wa 2016 na Baada Yake

Septemba 2016 Serikali ilipokea ndege mbili za Bombardier Q400. Boeing 787-8 ilifuata Julai 2018 na Airbus A220-300 Desemba mwaka huohuo, na ATCL ikawa kampuni ya kwanza barani Afrika kutumia aina hiyo ya Airbus. Ndege ya mizigo, Boeing 767-300F, iliwasili mwaka 2023. Kufikia mwishoni mwa 2024 kundi zima lilikuwa na ndege 16. Kwa kigezo cha ukuaji, mafanikio haya hayana ubishi.

Kigezo cha maendeleo kinatoa picha tofauti. Ndege hizo ziliwekwa chini ya Wakala wa Ndege za Serikali, nayo ATCL ikazikodi. Mpangilio huo uliiondolea kampuni mzigo wa kununua ndege, lakini uliiacha na kodi ambayo haisubiri ndege iruke. Hitilafu za injini za A220 zilipozilaza chini baadhi ya ndege hizo kuanzia 2022, mapato yalikoma huku kodi, bima na mishahara ya marubani ikiendelea kudaiwa. Kwa mujibu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, hasara ilipanda kutoka shilingi bilioni 35.2 mwaka 2021/22 hadi bilioni 56.6 mwaka 2022/23. Aidha, Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliiweka kampuni katika orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa kuingia katika anga lake.

5.0 Hitimisho

Haifai kuhitimisha kwamba umiliki wa Serikali ndio chanzo cha matatizo. Ethiopian Airlines, iliyoanzishwa mwaka 1945, inamilikiwa na Serikali, lakini kwa miongo mingi imejenga karakana na chuo chake cha mafunzo, na menejimenti yake imepewa nafasi ya kuamua mambo ya kibiashara. Kwa upande mwingine, Kenya Airways ilipata hasara kubwa licha ya kuwa na mbia na kuuza hisa sokoni. Kinachotofautisha mashirika haya, basi, ni kile kinachojengwa nyuma ya ndege: mafundi, akiba ya vipuri na injini, usimamizi wa usalama, na uhuru wa kufunga njia isiyolipa. Air Tanzania imekwisha kukua. Maendeleo yake yatapimwa kwa idadi ya siku ambazo kila ndege iko angani, si kwa idadi ya ndege zilizopokewa uwanjani.