Picha, sauti na mwalimu wa Voi

Mwanafunzi wa Voi anayekinga maji asubuhi, siku ambazo mfereji umekubali kutoa, mara nyingi hukinga maji yaliyotoka Mzima. Bomba kubwa litokalo katika chemchemi hizo, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi, huteremka zaidi ya kilomita 200 hadi Mombasa, na njiani mji wa Voi huambulia fungu lake. Lakini muulize mwanafunzi huyo maji hayo yalifikaje Mzima, mahali pakavu kama pale, naye atakujibu kwa neno moja alilolikariri: chemchemi.

Ukweli wenyewe ni hadithi ya ajabu. Mvua hunyesha juu ya milima ya Chyulu, ambayo ni milima michanga ya volkano. Mawe yake yana vitundu vingi mfano wa sifongo, kwa hivyo maji hayafanyi mito juu ya ardhi bali huzama, yakasafiri chinichini makumi ya kilomita huku yakichujwa na miamba hiyo, kisha yakabubujika Mzima yakiwa maangavu, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Mwalimu wa Jiografia mwenye chaki na ubao atachora mlima, atatia mishale inayoelekea chini, kisha atasema, "Sasa fikirini maji yanakwenda." Wachache watafikiri. Waliosalia watanakili mishale.

Ni katika pengo hilo, baina ya mshale ulioko ubaoni na maji yanayokwenda, ndipo midia anuwai inapopata kazi yake. Kwa wasomaji ambao neno hili bado ni geni masikioni mwao, maana yake ni kuunganisha maandishi, sauti, picha, michoro inayosogea na video katika somo moja, aghalabu kwa kutumia tarakilishi, kwa namna ambayo mwanafunzi anaweza kulisimamisha somo, kulirudia na hata kulijibu. Wazo lenyewe si la jana. Mnamo mwaka wa 1658 mwalimu Comenius, mzaliwa wa Moravia, alichapisha kitabu cha watoto ambamo kila somo liliandamana na picha. Kilichobadilika ni chombo tu.

Na hapa sina budi kutoa tahadhari, maana wapo wanaodhani kwamba kadiri mapambo yanavyozidi ndivyo elimu inavyozidi. Sivyo. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, amefanya majaribio kwa miaka mingi juu ya jambo hili, na kitabu chake cha mwaka wa 2001 kilikusanya matokeo hayo. Aligundua kuwa watu hujifunza vyema zaidi kwa maneno na picha pamoja kuliko kwa maneno matupu. Lakini aligundua pia kuwa muziki na vikorombwezo visivyohusu somo humpunguzia mwanafunzi ufahamu, na kwamba mchoro wenye maelezo ya sauti hueleweka vizuri kuliko mchoro uleule ukiandamana na sauti na maneno yaleyale yakiwa yameandikwa kwenye kiwambo. Sababu ni kwamba akili ya binadamu hubeba mambo machache kwa wakati mmoja. Mwalimu anayewasomea wanafunzi slaidi neno kwa neno, nao wakizisoma papo hapo, anawatwika mzigo mmoja mara mbili. (Mikutano mingi ya walimu ninayoifahamu ingefupika iwapo jambo hili lingezingatiwa.)

Sisi wenyewe tuna historia katika uwanja huu. Waliosoma zama zangu watakumbuka matangazo ya shule ya redio. Darasa zima lilinyamaza kulizunguka sanduku moja, na mawe ya redio yalipokufa katikati ya kipindi, somo nalo lilikufa, kwani halikuwa na marudio. Huo ulikuwa udhaifu mkubwa. Hata hivyo, mwanzoni mwa miaka ya 1980 Taasisi ya Elimu ya Kenya ilishirikiana na Wamarekani katika mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio katika madarasa matatu ya kwanza ya shule za msingi za mashambani. Kila siku ya masomo kilikuwapo kipindi cha nusu saa. Redio iliuliza, ikanyamaza kidogo, watoto wakajibu kwa sauti, ikaendelea. Mwalimu alikuwa papo hapo akiwaongoza. Watoto hao walipopimwa waliwashinda wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida katika kusikiliza na kusoma. Chombo kilikuwa duni kupita vyote tulivyo navyo leo, lakini mtoto alitakiwa ajibu.

Sasa tazama tulikofika. Mwaka wa 2013 serikali iliahidi vipakatalishi kwa watoto wa darasa la kwanza. Baada ya zabuni kuvurugika na mpango kubadilishwa, kuanzia mwaka wa 2016 shule za msingi za umma zilianza kupokea vishikwambi vya wanafunzi, vipakatalishi vya walimu, projekta na hifadhi ya masomo ambayo haihitaji mtandao wa nje. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawanywa nchini. Shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalihamia kwenye redio, runinga na mtandao, na hapo ndipo ilipobainika nani ana redio nyumbani na nani hana.

Nilipata kuzuru shule moja isiyo mbali na barabara kuu ya Mombasa. Vishikwambi vilikuwa ndani ya kabati la chuma, vimepangwa vizuri mno, na vumbi juu yake lilikuwa limetulia. Mwalimu mkuu hakunificha: kimoja kikipotea, yeye ndiye atakayeulizwa, kikikaa kabatini, hakuna atakayemuuliza. Sikuona haya ya kumlaumu, ila niliporudi nyumbani nilitambua kuwa mimi pia ningelifunga kabati lile. Utaratibu unaomwadhibu mtumiaji na kumsamehe mwenye kufuli hauwezi kuzaa kitu kingine. Waliotoa vifaa walihesabu vifaa. Hakuna aliyekuja kuhesabu masomo yaliyofundishwa kwavyo.

Itakumbukwa pia kwamba nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilizofika Mombasa mwaka wa 2009 ziliunganishwa na Nairobi kwa nyaya zipitazo Voi. Mlima Vuria, wenye urefu wa mita 2,208, una milingoti kileleni. Lakini panda Sagalla, au nenda Kasigau, ukatafute mtandao wa kufungulia video moja ya dakika tano. Kama ilivyo kwa maji ya Mzima, mambo mengi hupita kwetu yakielekea kwingine.

Mimi sishauri tungoje. Mwalimu mmoja mwenye simu, kipaza sauti kidogo na projekta moja anaweza kupakua video akiwa mjini Voi mwishoni mwa juma, aitie kwenye flashi na kuwagawia wenzake wa shule jirani. Darasani aisimamishe katikati, awaulize wanafunzi wanadhani nini kitafuata, kisha aendelee. Kanuni ni ileile ya redio ya miaka ya 1980, na gharama yake haizidi nauli.

Fauka ya hayo, kwa nini tungoje video za wengine? Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Alan na Joan Root walizama Mzima na kamera, wakawaonyesha watazamaji wa ng'ambo jinsi kiboko anavyotembea chini ya maji. Nathubutu kusema kwamba watoto wengi wa Taita Taveta hawajaiona filamu hiyo. Huko Sagalla wakulima huwazuia tembo kwa ua wa mizinga ya nyuki, njia iliyotokana na utafiti wa Lucy King, ambao ulionyesha kuwa tembo hukimbia hata wakisikia sauti tu ya nyuki iliyorekodiwa. Somo la Sayansi lililo bora kuliko hilo litatoka wapi? Wanafunzi waende na simu ya mwalimu, wamhoji mkulima, warekodi nyuki, wamsikilize mzee akieleza kwa Kisagalla majina ya miti inayoning'inizwa mizinga.

Kule Mzima pana chumba chenye madirisha ya kioo kilichojengwa chini ya maji, ambamo mgeni hushuka akatazama samaki wakipita. Basi moja la shule linaweza kwenda na kurudi Voi kwa siku moja. Wanafunzi arobaini, simu ya mwalimu, mmoja akipiga picha, mwingine akisimulia safari ya maji kutoka Chyulu, wa tatu akichora ile miamba yenye vitundu. Filamu ya dakika kumi itabaki shuleni, na mwaka utakaofuata darasa jingine litaanza nayo kabla chaki haijashikwa.