WIMBO UFIKE NYUMA YA UWANJA
Jinsi ya kuchagua kipaza sauti cha betri kwa kikundi cha tawi



Matawi mengi katika mashamba ya miwa na ya chai, na hata viwandani, yana vikundi vya nyimbo. Wako wapigaji wa adungu kutoka West Nile, wako wa endongo kutoka Busoga, wako wa akogo kutoka Teso, na wako wenye magitaa na kwaya. Vikundi hivi si vya kustarehesha tu. Mfanyakazi asiyejua kusoma karatasi ya mkataba huusikia mkataba huo katika wimbo, na wimbo huenda naye mpaka kambini.

Lakini wimbo usiosikika haumfundishi mtu. Katika mkutano wa watu mia moja uwanjani, walio mbele huimba pamoja na kikundi, walio nyuma huulizana, "Wanasema nini?" Halafu walio nyuma huondoka mmoja mmoja. Ndiyo maana matawi yanauliza: tununue mashine gani ya kupaza sauti isiyohitaji waya wa umeme? Swali hili lataka jibu la makini, maana pesa itakayotumika ni ada ya wanachama, na dukani maneno matamu ni mengi.

KWA NINI BETRI

Kwanza, uwanja wa mpira na njia panda ya shamba havina soketi. Pili, palipo na umeme, mara nyingi umeme huo ni wa mwajiri. Katika shamba moja nilikokuwa nikiandikisha wanachama tuliruhusiwa kuvuta waya kutoka ghalani. Kikundi kilipoimba nyimbo za kusifu mavuno, umeme ulikuwapo. Kilipoanza wimbo wa kunyunyiza dawa bila glavu, umeme ukakatika, na huku taa za ofisini zinawaka. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Basi je, mtegemea cha meneja?

Jenereta nayo si dawa. Hula petroli, na mngurumo wake huimeza adungu yenyewe.

SAUTI INAVYOPOTEA NJE

Ndani ya ukumbi kuta na paa huirudisha sauti. Uwanjani hakuna cha kuirudisha. Wataalamu huipima sauti kwa desibeli. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hupungua desibeli 6. Anayesimama mita 40 kutoka kwa mwimbaji anapata sauti iliyopungua desibeli 12 kuliko anayesimama mita 10.

Sasa sikilizeni jambo ambalo wauzaji hawalisemi. Ukizidisha wati mara mbili, unaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa mara mbili, yahitajiwa karibu wati mara kumi. Kwa hiyo sanduku la wati 60 halishindi la wati 30 kwa kiasi kikubwa kama watu wanavyodhani. Ubora wa spika na mahali ilipowekwa vyaweza kuleta faida kubwa kuliko hiyo, tena bila senti. Spika iliyowekwa chini kwenye nyasi huwaimbia magoti ya mstari wa kwanza. Iinueni juu ya vichwa, juu ya meza imara au tela ya trekta, nayo itafika nyuma.

AINA NNE ZA MASHINE

Ya kwanza ni bomba la mkononi, lile la kutangazia. Ni jepesi na maneno husikika mbali, lakini hukata sauti nene na sauti nyembamba. Lafaa kwa hotuba, halifai kwa adungu.

Ya pili ni kisanduku kidogo cha gitaa kinachotumia mawe ya redio. Vya namna hii ni vya zamani. Kile cha Pignose kilitoka Marekani mwaka 1973, kikiwa na wati 5 na mawe sita. Chafaa kwa mpigaji mmoja na watu ishirini au thelathini waliokaa karibu. Hesabuni pia gharama ya mawe mapya kila mara.

Ya tatu ni sanduku lenye amplifaya, spika na betri ya kuchajiwa, vyote ndani yake, pamoja na matundu mawili au matatu ya maikrofoni. Kwa kikundi cha watu sita na wasikilizaji wapatao mia moja, hii ndiyo naiona inafaa, ikiwa na wati za kweli kati ya 30 na 60 na spika ya inchi 8 au 10.

Ya nne ni amplifaya ya volti 12 iliyofungwa kwenye betri ya gari, pamoja na spika za bomba kama zile za magari ya matangazo. Ina nguvu na fundi wa mtaani aweza kuitengeneza, lakini ni nzito, na yataka mtu anayejua nyaya.

Msiidharau hii ya nne. Ndugu zetu wa Kongo walituonyesha. Mjini Kinshasa, tangu miaka ya 1960, Mingiedi Mawangu na kikundi chake cha Konono N°1 walipiga likembe, ambayo ni ndugu ya akogo yetu. Makelele ya jiji yaliimeza likembe. Wao wakachukua sumaku kutoka vipuri vya magari mabovu, wakajitengenezea maikrofoni na vidaka sauti, wakatundika mabomba ya zamani ya kutangazia. Sauti ilitoka na mikwaruzo, nao wakaifanya mikwaruzo hiyo kuwa sehemu ya muziki. Mwaka 2004 sahani yao ya Congotronics ilisikika mpaka Ulaya. Hawakungoja vifaa vya bei kubwa.

MSIDANGANYWE NA WATI

Juu ya masanduku mengi pameandikwa kwa herufi kubwa: wati 1,000, wati 3,000, na pembeni herufi PMPO. Hiyo ni hesabu ya kuuzia, si ya kufanyia kazi. Tafuteni herufi RMS. Hizo ndizo wati ambazo mashine inaweza kuzitoa mfululizo.

Tena fanyeni hesabu wenyewe. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7, ambayo imo katika masanduku mengi, ina wati-saa 84, yaani 12 mara 7. Kama sanduku lingetumia wati 1,000 kweli, betri ingekwisha kwa dakika 5. Debe tupu haliachi kuvuma.

BETRI ITADUMU SAA NGAPI

Betri ya risasi haipendi kumalizwa. Ukitaka iishi, tumia nusu yake tu. Nusu ya wati-saa 84 ni 42. Muziki hauvuti nguvu zote wakati wote, kwa kuwa kuna kunyamaza na kuimba polepole. Tukichukulia kwamba sanduku linavuta wati 12 kwa wastani, 42 kugawanya kwa 12 ni saa tatu na nusu. Mkutano wa kawaida wapita hapo salama.

Betri ya lithiamu ya kiasi hicho hicho ni nyepesi, nayo yaweza kutumika karibu yote, hivyo saa huzidi tano. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini kwa tawi linalofanya mikutano kila wiki gharama hurudi. Betri ya risasi ichajiwe siku ile ile ya kutumika. Ikiachwa tupu stoo mwezi mzima, huharibika. Ile ya lithiamu isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa. Na wenye betri ya gari waweke fyuzi karibu na betri, kwa sababu nyaya zikigusana moto huwaka mara moja.

KUPATA SAUTI YA ALA

Waimbaji wahitaji maikrofoni, midomo ikiwa vidole vinne kutoka kwake. Kwa adungu na endongo, fundi aweza kubandika kidude kidogo cha kudaka mtikisiko juu ya sanduku la ala. Ni cha bei nafuu, na hakichukui upepo. Waimbaji wasimame nyuma ya spika, si mbele yake. Maikrofoni ikitazama spika, sauti huzunguka na mashine hupiga mluzi wa kuumiza masikio.

MASWALI KWA MUUZAJI

1. Wati za RMS ni ngapi?
2. Betri ni ya aina gani, na ikichoka fundi wa hapa aweza kuibadilisha?
3. Je, sanduku laweza kuchajiwa huku linafanya kazi, na laweza kupokea volti 12 kutoka betri ya gari au sola?
4. Kila tundu la maikrofoni lina swichi yake ya kuongeza na kupunguza sauti?
5. Watu wawili waweza kulibeba kilomita mbili?

Halafu msilipe bado. Ombeni kulijaribu nje, si dukani. Nendeni na mwimbaji wenu na ala yenu. Mmoja ahesabu hatua hamsini, asimame, aandike maneno anayoyasikia. Asiyeyapata maneno, hata kama ngoma anaisikia, mashine hiyo haikufaulu. Lipigeni saa mbili mfululizo, muone kama betri inashika.

MALI YA TAWI

Mashine ikinunuliwa iandikwe katika kitabu cha mali ya tawi, na risiti itunzwe na mweka hazina. Kila anayeichukua atie sahihi siku ya kuichukua na siku ya kuirudisha. Isikae chumbani kwa kiongozi mmoja, wala isiazimwe kwa kampeni za wanasiasa. Mkiikodisha kwenye harusi, pesa ziingie katika mfuko wa kununulia betri mpya, maana kila betri ina siku yake ya kufa.

Na tawi ambalo bado halina pesa lisinyamaze. Simameni ukuta ukiwa nyuma yenu, upepo ukivuma kutoka kwenu kuelekea kwa watu, na wasikilizaji wakae nusu duara, karibu karibu. Imbeni kila ubeti mara mbili. Haba na haba hujaza kibaba; mashine itakuja, na siku hiyo yule wa mstari wa nyuma, aliyekatwa mshahara bila maelezo, atasikia kifungu cha mkataba kinachomlinda.

Umoja ni nguvu.