Maradhi Yaendayo na Kurudi



Mwezi huu twataka kueleza habari za maradhi ambayo wengi wenu hamjapata kuyasikia kwa jina, ijapokuwa huenda mmekwisha kuyaona kwa macho. Tuseme yuko mama kijana, nyumba yake iko Iramba au Unyaturu. Amejifungua salama. Mwezi wa pili mguu mmoja waanza kufa ganzi, na jicho moja laona ukungu, tena lauma akiligeuza. Majuma yapita, apata nafuu, ashika jembe tena. Mwaka wa pili yamrudia. Hapo ndipo maneno yanapoanza. Mmoja asema, "Ni mvivu huyu, mbona juzi alitwanga na kucheka?" Mwingine asema, "Amerogwa." Na neno hili la pili, kama tujuavyo sote, halikai peke yake, hutafuta mtu wa kumwangukia, na mara nyingi humwangukia bibi kizee wa jirani.

Yako maradhi yafanyayo hivi hasa. Madaktari huyaita maltipo sklerosisi, maana yake makovu mengi. Mfaransa Jean-Martin Charcot aliyaeleza waziwazi mjini Paris mwaka 1868, naye aliyaona makovu hayo katika ubongo na uti wa mgongo wa watu waliokufa. Mishipa ya fahamu imevikwa utando wa mafuta, mfano wa waya wa umeme uliovikwa mpira. Mwilini mna askari wa kupigana na vijidudu. Katika maradhi haya askari hao wamkosea adui, wauguguna utando wenyewe. Ndipo habari itokayo ubongoni kwenda mguuni huchelewa, au haifiki kabisa. Jeraha likipoa, mtu apata nafuu. Likitokea jingine mahali pengine, augua kwa namna nyingine. (Wako pia ambao hawapati nafuu, bali hudhoofika polepole.) Basi yule mama hakudanganya alipotwanga juzi, wala hadanganyi leo aliposhindwa kusimama.

Mbona baada ya kujifungua? Wakati wa mimba maradhi haya hutulia, na katika miezi 3 ya kwanza baada ya kuzaa hupenda kurudi kwa nguvu. Imeonekana hivyo Ulaya na Marekani, kwa wanawake ambao hawajapata kusikia jina la kijiji chetu wala la bibi yeyote akaaye humo.

Hayaambukizi kwa kula pamoja wala kulala pamoja. Huwapata zaidi watu wa miaka 20 hata 40, na wanawake kuliko wanaume. Mwaka 2022 wataalamu wa Marekani, waliochunguza damu ya askari, walionyesha kuwa kirusi kiitwacho Epstein-Barr hutangulia maradhi haya; lakini karibu watu wote duniani wanacho kirusi hicho, na wengi hawaugui kamwe. Wagonjwa duniani wapita milioni 2, wengi wao nchi za baridi. Kwetu karibu na ikweta ni wachache.

Kwa kuwa ni wachache, mtu asiyatambue maradhi haya nyumbani kwa kukisia. Kifua kikuu cha uti wa mgongo nacho huilegeza miguu, nacho chatibika kwa dawa. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa wilaya ya Tarime walikazika miguu yote miwili kwa ghafula. Huo ulikuwa ugonjwa wa konzo, utokao katika muhogo mchungu usioandaliwa vema, wala hauendi na kurudi. Hapana budi mgonjwa apelekwe hospitali mapema. Ikihitajiwa picha ya ubongo, mashine ya MRI iko Dodoma katika Hospitali ya Benjamin Mkapa. Safari ni ndefu, najua, na fedha si nyepesi.

Dawa ya kuyaondoa kabisa haijapatikana. Ziko za kufupisha shambulio, na ziko za kupunguza mashambulio yajayo. Mwezi wa Julai 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza 3 za namna hii katika orodha ya dawa za lazima, mojawapo rituksimabu. Bei yake bado ni kubwa.

Lakini liko jambo moja lisilo na bei, nalo latuhusu sana sisi wa Singida. Mwaka 1890 Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliandika kwamba macho ya wagonjwa hawa hufifia wakijitaabisha kwa kazi. Baadaye ilijulikana kuwa sababu ni joto. Zamani madaktari hata walimtia mgonjwa katika maji ya moto ili wayathibitishe maradhi! Joto halileti jeraha jipya, ila huzidisha udhaifu mpaka mwili upoe. Sasa fikirini miezi ya Septemba hata Novemba, mvua haijanyesha, mashamba ya mtama na alizeti yangojea kusafishwa. Mgonjwa na atoke alfajiri, arudi kabla jua halijawa kali. Adhuhuri asipike katika jiko lililofungwa lenye moshi. Na apike binti au mume, si aibu. Kitambaa chenye maji shingoni chasaidia. Homa nayo ni joto, basi malaria itibiwe siku ile ile. Hata hivyo asilazwe kitandani daima, kwa maana viungo visivyotumika huzidi kukauka.

Tena uko uchovu. Huu hauonekani, wala hauondoki kwa usingizi wa usiku mmoja. Mume anayeuliza, "Umefanya nini leo hata umechoka?" amwongezea mkewe mzigo wa pili.

Mkojo nao husumbua: humshika ghafula, au hukataa kutoka. Choo kiwe karibu, na usiku kamba ifungwe toka mlangoni hata chooni apate kuishika. Mwalimu mwenye maradhi haya apewe masomo ya asubuhi, na kiti karibu na ubao. Kanisani akae penye upepo, na watu wakisimama kuimba, yeye aimbe ameketi.