Saumu ya Adhuhuri

Hapa Kidichi, kati ya mikarafuu na mashamba ya viungo, mtoto halazimishwi kufunga, huonjeshwa. Mjukuu wangu ana miaka saba. Ramadhani namwamsha daku, ale ashibe, anywe maji ya kutosha, kisha afunge mpaka adhuhuri. Mwakani, inshallah, tutasogea hadi alasiri. Saumu si faradhi kwake mpaka abaleghe. Lakini hata masahaba, kama alivyopokea Bukhari, waliwafungisha watoto siku ya Ashura, na aliyelilia chakula alipewa kichezeo cha sufu. Mimi humpa majani makavu ya mgomba asuke mpira. Akilegea, midomo ikamkauka, namfuturisha papo hapo kwa maji na tende. Afya yake ni amana. Magharibi hukaa mkekani na wakubwa, bakuli lake la uji wa pilipili manga limejaa sawa na letu.