Zawadi ya Noeli inatoka kwenye mbabula

Mwezi wa 12 umefika, na pengine mushahara bado haujatoka. Batoto banauliza: "Papa, tutapelekea nkambo nini?" Usikimbilie banki lambert! Karanga na sukari zinatosha.

Lakini kwanza, mama, chagua karanga moja moja. Ile yenye ukungu, iliyonyauka ao kugeuka rangi, tupa, hata kuku usimupe. Ukungu ule unaweza kuacha sumu inayoharibu maini, na kukaanga hakuiondoi yote. Zawadi haipaswi kuleta ugonjwa.

Sasa twaa glasi 2 za karanga mbichi, glasi 1 ya sukari na nusu glasi ya maji. Tia yote ndani ya sufuria, koroga bila kuacha. Maji yatakauka, sukari itakuwa kama muchanga mweupe. Wengi banatoa hapo, banafikiri imeharibika. Ngoja! Punguza makala, endelea kukoroga mpaka sukari iyeyuke tena na kushika karanga kwa rangi ya kahawia. Mwanga juu ya sinia yenye mafuta kidogo, tenganisha na mwiko. Batoto bakae mbali: sukari ya moto inashika ngozi, inaunguza kuliko maji.

Huku kwetu Noeli ni wakati wa mvua. Zikipoa kabisa, funga ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, kama sivyo zitalegea.

Katika Nehemia 8, siku ya furaha watu waliambiwa kupelekea sehemu wale wasiotayarishiwa kitu. Basi chupa ya kwanza iende kwa mujane wa mulango wa pembeni, nkambo atafuata. Vijana bapeleke tarehe 24 jioni. Chupa tupu itarudi kwa Bonane.